Mkanda wa Mtu wa Detekta

Mtu akiuza ng'ombe na kiwanja ili anunue detekta ya dhahabu, humkuti akibania fedha ya koili wala ya betri. Lakini mtazame siku anapoingia porini. Sururu kaichomeka kwenye mkanda wa suruali, chupa ya maji inaning'inia kwa kamba ya katani, simu iko mfuko wa nyuma, misumari aliyofukua iko mfuko wa mbele, na kile kipande cha dhahabu alichopata asubuhi kakifunga kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kipo mfuko uleule wa misumari. Ikifika saa tano, jua limeshika kasi, suruali imeshuka, bega linauma, na mashine ya mamilioni inalia kila anapoinama. Anasema ardhi ya hapa ina makelele. Makelele yako kiunoni mwake.

Nawaandikia majirani zangu wa Nyakato hapa Mwanza, na wote wa mwambao huu wa ziwa wanaolala mjini na kutafutia Misungwi, Sengerema na Geita. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo–Busisi Juni 2025, zile kilomita 3 za maji tulizokuwa tukisubiria kivuko zinavukwa kwa dakika chache, na mtu anaweza kutoka nyumbani alfajiri, akafanya kazi Rwamagasa au Nyarugusu, akarudi kulala kwake. Maana yake mkanda unavaliwa siku nzima, unavuliwa ndani ya basi, unavaliwa tena juu ya bodaboda, na unarudi nyumbani na tope lake. Mkanda wa kubahatisha hauiwezi kazi hiyo.

Kazi ya detekta ni kazi ya kusikiliza. Koili inapita taratibu, karibu na ardhi, na sauti inayoleta fedha mara nyingi ni ndogo, ya mashaka mashaka, ile ambayo mwenye haraka huipita. Anayeumwa kiuno hainami kuihakiki. Aliyechoka bega huinua koili bila kujua, na kila sentimita anayoiacha hewani ameinyima ardhi. Ndiyo maana nasema mkanda mzuri huongeza kina cha mashine kuliko watu wanavyodhani. Fedha unayompa fundi wa mkanda ihesabu ndani ya bei ya detekta tangu siku unapoanza kudunduliza.

Tuanze na chuma, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Detekta ya dhahabu inasikia shaba ya zipu, aluminiamu ya bizimu, riveti za jinzi, sarafu, funguo, hata ile karatasi ya kung'aa ya sigara, kama inavyosikia dhahabu yenyewe. Kadiri koili inavyokuwa pana ndivyo inavyohisi mbali zaidi. Ukiwa umesimama wima, kiuno kiko mbali na koili na kila kitu kinanyamaza. Unapopiga magoti na kupitisha koili juu ya shimo, au unapopitisha kiganja cha udongo juu yake kuhakiki kama kitu kimetoka, bizimu ya mkanda na pete ya kidoleni zinashuka hadi palepale sauti inapotafutwa. Watu wamechimba mashimo ya kufika magotini wakifuata bizimu zao wenyewe.

Viatu navyo ni ndugu wa mkanda, maana viko karibu na koili kuliko kitu kingine chochote mwilini. Buti zenye chuma mbele hazifai kabisa kwa kazi hii. Na msizidharau katambuga: matairi mengi ya magari yana nyuzi za chuma ndani yake, na fundi akishagonga misumari juu yake, umevaa kitu cha kuidanganya detekta miguu yote miwili. Buti za mpira mtupu, au raba zisizo na pete za chuma za kupitishia kamba, ndizo salama.

Jaribio lake halina gharama. Nyumbani, kabla ya safari, tafuta sehemu ya uwanja isiyo na chuma, washa mashine, ilaze koili chini, iache itulie. Kisha leta kila kitu utakachobeba, kimoja kimoja, ukipitishe juu ya koili: mkanda, pochi, kiatu, kofia, kalamu, dawa ya mbu. Kinacholia, kitafutie mbadala au kipangie mahali mbali. Fanya hivyo hata kwa pochi iliyoandikwa kuwa ni ya kazi hii maalumu, kwa sababu mashine bandia zimejaa, na zinakuja na mikanda bandia yenye vyuma vilivyofichwa ndani ya mshono.

Sasa mkanda ukae wapi? Shika kiuno kwa mikono miwili, ubonyeze kwa vidole pembeni hadi uuguse mfupa wa nyonga unapoanzia juu. Mkanda wa kubebea vifaa unapaswa kukaa juu ya ukingo wa mfupa huo na kuukumbatia, uzito ushuke kwenye nyonga na kuelekea miguuni. Ukikaa juu zaidi, tumboni, unashikiliwa na nyama tupu, na ili usishuke inabidi uukaze hadi chakula kirudi kooni. Ukikaa chini zaidi, unazuia paja kukunjika na unatelemka kila hatua. Mama zetu hawakuhitaji kufundishwa haya: tazama mbeleko inavyofungwa, mtoto anakaa chini mgongoni, uzito wake umeegemea nyonga, na mama huyo analima mpaka mchana.

Kosa lingine ni wembamba. Mkanda wa suruali wa sentimita 3 ukibeba kilo tatu unageuka kamba. Mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye ngozi ya upande wa nje wa paja unapita karibu sana na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, na mkanda mwembamba uliokazwa hapo kutwa nzima unaubana. Dalili yake ni ganzi, au mchomo wa moto pembeni ya paja, ambao wengine wanaufikiria ni baridi ya ziwa au umri. Ukiusikia, legeza mkanda, uhamishe, na usiendelee kuukazia palepale. Ukizidi kwa majuma, nenda kwa daktari umweleze na kazi unayofanya.

Upana ninaoupendekeza ni sentimita 5 kwa mkanda wenyewe, na nyuma yake pedi ya sentimita 8 hadi 10 inayogusa mwili. Hapo ndipo sisi wa Nyakato tuna bahati. Mkanda wa usalama wa gari una upana wa karibu sentimita 5, hautanuki, hauozi kwa jasho, na umetengenezwa kumzuia mtu mzima asirushwe nje ya gari. Kwenye gereji zetu magari yanakatwakatwa kila siku. Chagua kipande ambacho hakijapauka kwa jua wala kukwaruzwa kingoni, na uhakikishe ule ulimi wa chuma wa kufungia umetolewa.

Pedi usitengeneze kwa sponji ya godoro. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili imelala na haina kazi tena. Mwombe fundi anayeshona viti vya bodaboda akukatie sponji ngumu, nene sentimita moja hivi, inayorudi haraka ukiibonyeza. Upande unaogusa mwili ufunikwe kwa kitambaa cha matundu kama cha jezi, au turubai la pamba, ili jasho lipate pa kutokea. Upande wa nje unaweza kuwa turubai gumu au hata reksini, maana haunyonyi maji ya mvua. Reksini ikigusa mwili kwa joto letu la mchana, ngozi inachubuka kabla hujafika mwalo wa kwanza.

Cha kufungia kiwe kile kibano cha plastiki kama cha begi la shule, cha upana wa sentimita 5. Kifunge na kukifungua mara nyingi dukani, kikunje kidogo, usikilize kama kinalia mlio wa kukatika. Plastiki iliyokaa dirishani kwa miezi inakuwa kavu. Nunua viwili, kimoja ukitie ndani ya begi la safari. Velkro ni nzuri kwa mifuniko ya pochi ndogo, ila usiitegemee kushika mkanda mzima: udongo mweusi wa mbuga ukishaingia kwenye vinyweleo vyake, haishiki tena hadi uioshe kwa brashi.

Wapo wanaopenda ngozi, nami siwakatazi. Ngozi nene iliyokomaa inajifunza umbo la mwenyewe na inadumu miaka. Mwanza tuna mafundi wa ngozi, na Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi hapahapa kwetu, kwa hiyo kijana aliyesomea kazi hiyo hayuko mbali. Mwambie tu mapema kwamba hutaki riveti wala bizimu ya chuma. Kila kiungo kishonwe kwa uzi wa nailoni, na kifungo kiwe cha mti mgumu au pembe. Ngozi inahitaji mafuta mara kwa mara, na ikilowa ikaushwe kivulini. Kwa anayefanya kazi masika yote, turubai na mkanda wa gari havina usumbufu huo.

Jambo moja la kununua mitumba lazima niliseme kwa herufi nzito. Pale soko la Mlango Mmoja na kwenye minada utakutana na mikanda mizuri mno yenye pochi za kila upande, ya rangi ya mabakamabaka ya kijeshi au ya muundo wa askari wa nchi za nje. Ni imara, ni rahisi, na inavutia. Iache. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa walionayo na wanaoyauza kuyasalimisha. Sasa fikiria umekamatwa porini, una mashine ya kupimia madini mkononi na mkanda wa mabakamabaka kiunoni. Hata ukiwa na haki zako zote, siku imeharibika. Rangi ya kahawia, bluu au nyeusi inatosha. Mimi napenda zaidi rangi ya chungwa kwa pochi ndogo, kwa sababu kitu kikianguka majanini kinaonekana.

Sasa mpangilio wa pochi. Tuseme mashine unaishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto wageuze maneno haya. Upande wa kulia wa kiuno uache mtupu, au weka kitambaa cha kufutia jasho tu. Kiwiko kinapita hapo kila unapopeleka koili kushoto na kulia, na pochi nene hapo inakusukuma mkono nje hadi bega linapinda. Wengi wanalalamikia uzito wa mashine wakati tatizo lao ni pochi iliyokaa njiani.

Kushoto mbele, pale mkono unaposhuka wenyewe, ndipo pa kidetekta kidogo cha mkono cha kuhakikishia ndani ya shimo. Kitengenezewe ala inayobana kidogo, wazi chini ili mchanga upite, na kifungwe kwa kamba fupi kwenye mkanda, kwa sababu ni chepesi kusahaulika kando ya shimo. Na ukizime kila unapokirudisha, kwani kikiwaka karibu na detekta kubwa vinagombana kwa makelele. Nyuma yake, kushoto kwenye nyonga, ndipo pa mfuko wa takataka. Nyuma kabisa mgongoni weka maji na chakula. Mbele tumboni, katikati, pochi bapa moja tu. Pembeni mwa pochi hiyo acha nafasi ya kiganja kila upande. Paja linakunjika hapo unapochuchumaa, na chochote kigumu kitakuchoma mara mia kwa siku.

Mfuko wa takataka ndio unaodharauliwa kuliko yote, nao ndio unaonyesha mtu anaijua kazi. Kila unachochimba ukibebe: msumari, kisoda, kipande cha bati, risasi ya goroli, waya. Ukikirudisha shimoni utakichimba tena mwezi ujao, au atakichimba mwenzako, na ng'ombe wa mwenye shamba anaweza kuchomwa nacho. Kwa kazi hii hakuna kitu kinachoshinda nyavu chakavu za dagaa, ambazo kwa wavuvi wa Kirumba hazina thamani tena. Shona mfuko wa nyavu zilizokunjwa mara mbili au tatu, mdomo wake uuzungushie kipande cha bomba la plastiki lililochanwa ili ubaki wazi, mkono uingie bila kutazama. Udongo unadondoka wenyewe, maji ya mvua yanapita, na uzito wake ni kama hakuna. Turubai lisilo na matundu likikusanya tope la mbuga, jioni umebeba shamba la watu.

Lakini chuma hicho kilichokusanyika si kinalia? Kinalia, ndiyo sababu mfuko ukae juu kwenye nyonga na usining'inie pajani, na ndiyo sababu uumwage kila unaporudi kwenye mti ulikoacha dumu la maji. Risasi nzima ambazo hazijalipuka zisiingie mfukoni kabisa. Mwambao huu ulipitiwa na Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza wakaingia Mwanza Julai 1916, na baadaye silaha zimepita kwa njia nyingine. Ukikuta kitu cha namna hiyo, weka alama, ondoka, toa taarifa polisi.

Dhahabu yenyewe iwe na chombo chake: kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kile cha dawa. Kioo kinavunjika, karatasi inachanika. Kikae ndani ya ile pochi bapa ya tumboni, kifungwe kwa uzi ulioshonewa ndani, na mfuniko wa pochi uwe mrefu unaoshuka hadi chini. Tumboni ni pazuri kwa sababu macho yako yapo hapo, na kwenye basi huwezi kukaa juu yake. Watu wa mjini wanaovaa vibegi vya kiunoni wamekwisha kujua kwamba kibegi kinachozunguka kwenda mgongoni si chako tena.

Kwenye pochi hiyohiyo weka karatasi zako ndani ya mfuko wa plastiki. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutafuta madini bila leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania, kwa eneo lisilozidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu, nayo hudumu miaka 7. Wengi wenye detekta hawana leseni yao. Wanafanya kazi ndani ya leseni ya mtu kwa makubaliano ya mgawo. Basi makubaliano hayo yawe kwenye karatasi, na nakala ya leseni ya mwenyewe iwe kiunoni mwako, pamoja na kitambulisho. Rasha ya dhahabu inapolipuka, watu wanafika kwa mamia na maneno ya mdomo hayasikilizwi. Na kipande kikishapatikana, kinauzwa soko la madini. Tangu la kwanza lilipofunguliwa Geita Machi 2019, masoko haya yamesogea hadi karibu na machimbo, na stakabadhi yake nayo inastahili nafasi ndani ya pochi ile.

Kitu kingine kinachoweza kuingia kwenye kichupa ni sarafu ya kale au kipambo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kitu hicho si cha kuuzwa kando ya barabara. Kiviringishe kwa kitambaa laini cha pamba, peke yake, usikisugue, na uwaone watu wa Mambo ya Kale au wa makumbusho. Rupia na hela za Kijerumani ni za baadaye kuliko mwaka huo, ila nazo zikigongana na misumari mfukoni zinapoteza sura ambayo imevumilia udongo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Zebaki isikanyage kiunoni mwako. Nimeona vichupa vyake vikiwa vimechomekwa mfukoni, vimepashwa joto na mwili na jua, kifuniko kimelegea. Mvuke wake unaingia mwilini bila harufu. Mtu wa detekta anaokota vipande vinavyoonekana kwa macho. Zebaki hana kazi nayo kabisa, na kama mwenzako anaitumia, kaa upande upepo unakotokea.

Uzito wote tuupime. Sururu ndogo ya mpini mfupi inaweza kufika kilo moja na nusu. Maji lita 2 ni kilo 2. Mashine zenyewe zinatofautiana sana: Gold Monster 1000 ya Minelab, kampuni ya Australia, ina kilo 1.3 hivi, GPX 5000 ina karibu kilo 2.4 bila betri. GPZ 7000 inapita kilo 3.3. Mwenye mashine nyepesi anaweza kuridhika na mkanda mtupu. Mwenye hizo nzito anahitaji mikanda ya mabegani iliyounganishwa na mkanda wa kiuno, na mpira wa kuvutia unaoishika mashine kutoka juu. GPX 5000 ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, betri inakaa mgongoni na waya unashuka kwenye mashine, kwa hiyo ukiifunga betri hiyo kwenye mkanda wa suruali umeharibu mizani yote.

Namna ya kurekebisha ni hii. Funga kwanza kiuno, ukaze hadi uzito ukae nyongani. Kisha vuta mikanda ya mabegani kidogo tu, itulize mzigo usicheze. Ukiweza kupitisha vidole viwili chini yake begani, inatosha. Halafu ning'iniza mashine kwenye mpira na uongeze au upunguze urefu hadi koili ielee juu kidogo ya ardhi ukiwa umelegeza mkono kabisa. Mkono kazi yake iwe kuongoza. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinaweza kutumika kama mpira, nami nimeviona vikifanya kazi vizuri, ila jua linavipasua. Vikague kila wiki, maana kikikatika koili inapiga jiwe.

Sururu ni mgeni mgumu kwenye mkanda wowote. Wazoefu wengi wanaishika mkono wa kushoto kama fimbo na kuiacha hatua mbili nyuma wanapohakiki sauti. Nakubaliana nao. Ukilazimika kuivaa, iwe nyuma kushoto kwenye kitanzi cha turubai, kichwa juu na mpini chini, ncha imevishwa kipande cha tyubu. Usiivishe kipande cha tairi, kwa zile nyuzi za chuma tulizozitaja. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mpini inasaidia sana: ukiipitisha kwenye udongo uliofukua na sauti ikaondoka, kilikuwa chuma. Juu ya bodaboda sururu isikae mwilini kabisa. Ifunge kwenye mzigo, maana ukianguka nayo mgongoni ajali ndogo inakuwa kubwa.

Maji yagawe kwenye chupa mbili za lita moja, moja kila upande wa uti wa mgongo. Chupa moja kubwa inapinda mwili upande mmoja na kupigapiga kila unapogeuka. Simu ikae nyuma pia, imezimwa au imewekwa hali ya ndege, kwa sababu mawimbi yake yanaingia kwenye mashine. Lakini hakikisha mwenzako anajua mlipo, na usiende peke yako kwenye eneo lenye maduara (mashimo ya uchimbaji) ya zamani yaliyofunikwa na majani.

Kinamama wanaofanya kazi hii, na wapo, wamenieleza tatizo ambalo watengenezaji hawalifikirii. Mkanda ulionyooka haukai kwenye nyonga iliyotanuka. Ukingo wake wa juu unaachana na mwili na wa chini unakata. Dawa yake ni fundi kuipinda pedi kidogo, ukingo wa chini uwe mrefu kuliko wa juu, au kuikata vipande vitatu vilivyounganishwa kwa turubai laini ili kila kimoja kifuate umbo. Mkato huohuo unawafaa wanaume wenye vitambi, ambao mkanda wao unapenda kuinamia mbele. Mwembamba asiye na nyama ya kushikia mkanda anahitaji mikanda ya mabegani hata kwa mzigo mdogo. Anayefunga kitenge juu ya suruali akifunge juu ya mkanda, kisiwe chini yake, kwani fundo likibanwa na mkanda linatoboa mwili.

Kwa fundi usiende na maneno matupu. Nenda na vifaa vyenyewe, umevaa nguo na viatu utakavyofanyia kazi. Apime kiuno ukiwa umesimama na tena ukiwa umechuchumaa, na aache nafasi ya kuongeza na kupunguza, maana asubuhi kabla ya kula na jioni baada ya jua la kutwa huna kiuno kilekile. Mwambie pochi zishonewe vitanzi vya kupitisha mkanda, asizishone moja kwa moja, ili uweze kuzisogeza na kuziosha. Mshono wa kila kitanzi urudiwe kwa msalaba, kwa uzi wa nailoni. Mlipe vizuri. Ukimpunja atakupunguzia mishono, na mshono ndio unaokatika porini.

Ukishauchukua, usiende nao machimboni kesho yake. Ujaze kila kitu, maji yakiwemo, utembee nao saa nzima mtaani, upande vilima vyetu vya mawe, uchuchumae, upige magoti, uiname kufunga kamba ya kiatu. Panapokwaruza patajitokeza hapohapo, pochi inayozuia kiwiko utaijua, na kilichosahaulika utakikumbuka. Rudi kwa fundi siku hiyohiyo na chaki, umwekee alama juu ya mkanda wenyewe, pochi hii isogee hapa, hiki kitanzi kipunguzwe, pedi iongezwe upande huu.